Askari Haondoki Bila Amri

"Mguu sawa!"

Buti ziligongana katikati ya uwanja wa Bi Kadija. Vumbi likapanda, kuku wakakimbilia mikoroshoni, na beberu la balozi wa nyumba kumi, ambalo halikuwahi kumwogopa mtu pale Kiranjeranje, likakata kamba. Wapo wanaoapa kwamba lilivuka mto Rufiji na halijarudi hadi leo.

Watu wakaangua kicheko. Walijaa tele uwanjani, wengine wametoka Miteja tangu jana, na masufuria ya wali yalikuwa yakitokota nyuma ya nyumba. Vita vya Kagera walivisikia redioni tu, mpaka vikawachosha. Leo walikuwa na askari wa kumtazama kwa macho.

"Naripoti, afande!" askari akapaza sauti, mkono kwenye kofia.

"Afande yuko kambini," Bi Kadija akajibu kutoka mkekani. "Hapa yupo mama yako."

"Ndiyo, afande!"

Kicheko tena. Sare ilikuwa imempwaya, mikono ya shati imemeza vidole, buti zinaburuta.

"Jamani, vita vimemla!" akasema Hasani, kaka yake Bi Kadija.

"Vita vina meno gani, mjomba?" askari akamjibu, kidevu juu. "Ni dagaa wa mesi ya kambini. Wana mchanga kuliko ufuko wote wa Kilwa!"

Hata Bi Kadija alitabasamu, kisha akajikaza. Hakutaka kuichekea lugha ile. Yeye alijua ilivyoingia nyumbani kwake.

Ahmadi wake alikuwa mtoto wa machozi ya karibu. Akichinjwa kuku, yeye hujificha chini ya kitanda. Akaandikishwa jeshini, akaenda mafunzoni, akarudi likizo mtu mwingine. Chakula akakiita mesi. Kitanda kikatandikwa mpaka shuka likalia kama ngoma. Kila alfajiri, akishaswali, alisimama wima akisoma kiapo walichofundishwa: "Askari halii. Askari hachoki. Askari hamwachi mwenziwe." Kijiji kizima kikakikariri. Mabinti wa shamba la ujamaa walipalilia kwacho, jembe likipanda kwa "halii", likishuka kwa "hachoki". Ahmadi akawa anatembea kifua mbele, na mama mtu akaanza kubisha hodi moyoni mwa mwanawe bila kuitikiwa. Alipotumwa maji, alisubiri aamriwe. Bi Kadija akala yamini: amri haitatoka kinywani mwake. Ametoa maziwa, hatatoa amri.

"Ahmadi, kaa mwanangu, ule," alisema sasa, akisogeza sahani ya muhogo wa nazi.

"Askari hakai bila amri, afande!"

"Mwamuru basi!" wakapiga kelele wanawake. "Utamtesa na jua hili!"

"Simwamuru."

Askari hakutikisika. Jasho lilimtiririka shingoni. Akameza mate, akasema kwa sauti iliyopungua kidogo, "Naomba ruhusa ya kuondoka, afande."

Kicheko kikafa, kama moto uliomwagiwa maji.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa wenzangu. Askari hamwachi mwenziwe."

"Na mama yake je?"

Askari akaivuta kofia chini. "Hayumo kwenye kiapo, afande."

Bi Kadija aliinamisha kichwa. Mwanamke mmoja akaanza kulia, akazibwa mdomo na mwenziwe.

Hasani akachutama kando ya mkeka. "Dada," alinong'ona, "mruhusu. Watu wana njaa, na shehe anangoja."

"Wangoje."

"Unajua usipomruhusu hatuwezi kula wala kwenda makwetu. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tutakavyoacha."

"Nikimruhusu atakwenda, Hasani."

"Ndiyo, dada."

"Kabisa?"

Hasani alimshika mkono, akamsaidia kuinuka.

Bi Kadija alitembea polepole mpaka mbele ya askari. Akamfunga kifungo cha juu. Akamwekea kola sawa. Halafu akakiinamisha kichwa kwenye bega lile na kuvuta pumzi ndefu, kwani harufu ya Ahmadi ilikuwemo bado, mafuta ya nazi na jasho. Askari alisimama wima, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia.

"Niite mama," Bi Kadija alisema. "Mara moja tu, kisha nakupa amri yako."

"Mama," askari akasema. "Nisamehe, mama. Nimechelewa kukuita."

Bi Kadija akarudi nyuma hatua chache. Akanyoosha mgongo kama alivyowaona askari wakinyoosha. Lugha aliyoapa kutoitamka ikatoka kinywani mwake imevunjikavunjika, lakini ilitoka, na hata waliokuwa jikoni waliisikia.

"Askari! Nyuma... geuka!"

Buti zikageuka.

"Mbele... tembea. Nenda, baba. Nenda salama."

Askari akatembea, akiburuta buti, watu wakimpisha njia. Hakuna aliyetania tena. Penye kona ya jiko akasimama, akavua kofia, na mvi za Bi Mboni, mtani wao wa Mtama, zikajitokeza juu ya uso uliolowa machozi. Akalivua shati lililoletwa kutoka Kagera bila mwenyewe, akalikunja, akamrudishia mama wa marehemu, na shehe akafungua hitima.