Sanduku la Mahiwa

Kila Oktoba, kila kaya ya Lindi hutoa mtu mmoja avae kofia ya kumbukumbu na kuishi, kama yake mwenyewe, siku moja ya mapigano ya Mahiwa ya mwaka 1917. Somoe alikuwa ameivaa miaka tisa. Kila mara alipewa siku ya mpagazi yuleyule, aliyebeba sanduku la risasi kichwani, na kwa wiki tatu baadaye mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe kichwani kulishikilia.

Mwaka huu alirudi kutoka sokoni akamkuta bintiye, Mwanahawa, jikoni.

"Nimeshaenda mimi, mama. Pumzika."

"Nani kakutuma? Umeweka kidole?"

"Si kidole tu? Kwa shingo hiyo inavyokuuma, safari hii ungerudi umebebwa wewe."

Somoe hakucheka. Anayeweka alama ya kidole kwa niaba ya kaya ndiye huitwa kila mwaka hadi atimize sitini, na Mwanahawa alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Wamekupa nani?"

"Mpagazi. Jina silijui. Hakuna aliyemwita."

Mwanahawa aliendelea kuchambua mchele kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa juu ya kichwa, umeshika hewa. Somoe aliujua uzito wa hewa ile: kilo ishirini na saba.