Jiko la Upawa Mmoja

"Tena," binti akasema, macho yakiwa kwenye saa ya simu yake.

Mpishi akanawa mikono mara ya nne. Alikuwa mtu mzima, mwenye mkahawa wake mwenyewe, na huyu aliyekuwa akimfundisha kunawa angeweza kuwa mtoto wake wa tatu. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, basi akanawa.

Miezi minne nyuma kijana mmoja alikula supu ya nyama hapa, meza ya dirishani. Koo likamvimba, na kabla gari la wagonjwa halijafika alikuwa amekata roho. Alikuwa ameuliza kama supu ina karanga, kwa kuwa mwili wake haukupatana nazo. Mpishi alimjibu haina, na kwa namna fulani hakusema uongo. Karanga zilikuwa kwenye sufuria ya jirani, kwenye mchuzi. Ila upawa ulikuwa mmoja. Ulizama huku, ukazama kule, kama alivyoonyeshwa na mama yake, na kama walivyofanya wapishi wote aliowahi kusimama nao jikoni.

Wachunguzi walikuja na madaftari yao. Aliwaambia jiko ni dogo, saa ya chakula cha mchana watu wamejaa, na kumpikia mtu mmoja peke yake kwa vyombo vyake haiwezekani, hata angepika malaika. Wakaandika ajali, wakafunga jalada. Neno hilo, haiwezekani, ndilo lililomrudishia usingizi. Alilirudia kila alipojilaza, na kweli usingizi ulikuja. Wateja ndio hawakurudi. Meza nane, na siku njema walikaa watu wawili.

Ndipo akatokea binti huyu na mkoba wake begani. Ni biashara ndogo, alisema, ndiyo kwanza anaianza. Mtu mwenye mzio, awe wa karanga, mayai au samaki, anatembea na kadi nyekundu. Akifika mkahawani anaitoa, na jikoni wanajua la kufanya. Mkahawa unaofaulu jaribio unapewa kibandiko cha mlangoni, ili watu wa namna hiyo waingie bila hofu.

"Na kwa nini uanze na mimi?" Mpishi alimuuliza siku hiyo.

"Wewe unayajua mambo haya kuliko wenzako."

Ilimchoma. Mkewe, ambaye siku hizi kazi yake kaunta ilikuwa kufukuza nzi, alimvuta pembeni. "Kubali, baba watoto. Kibandiko hicho kitatusafisha. Ama unataka tufunge, watu waseme tumekimbia?"

Hakutaka kufunga. Zaidi ya hapo, alitaka mtu, yeyote yule, amwambie kwamba yeye si mtu mbaya.

Basi leo lilikuwa jaribio. Binti alikuja na mzee mmoja mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akamtambulisha kuwa ndiye mteja wa kadi. Meza zote zilikuwa wazi, lakini mzee alipita moja kwa moja akaketi dirishani. Mpishi alitaka kumwomba ahame. Angesema nini? Akarudi jikoni.

"Nilidhani utaniletea vyombo maalumu," alimwambia binti.

"Hapana. Tumia hivihivi ulivyonavyo. Na ufanye kama vile watu wamejaa huko nje."

Akaanza. Alishusha sufuria ndogo iliyosahaulika juu ya kabati, akaisugua kwa sabuni na maji ya moto. Akaosha upawa na kuusuuza mara mbili. Akafunika mchuzi wa karanga, akausogeza jiko la mwisho, akabadilisha aproni. Nyama iliyokwisha chemshwa aliitoa kwenye friji ikiwa bado imefunikwa vizuri. Viazi akavikatakata vidogo viive upesi. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, kisha ikazoea, kwa maana mikono ya mpishi ina akili zake. Mpaka chumvi inaingia alikuwa anapiga mluzi, jambo ambalo mkewe alikuwa hajalisikia kwa miezi minne.

"Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii tu?" akasema.

"Ndiyo hii tu," binti akajibu, akaandika kitu.

"Haya, mwalimu. Nimefaulu au nimefeli?"

"Umefaulu."

Mkewe hakungoja aambiwe mara mbili. Alichukua kibandiko, akafuta kioo cha mlango kwa upindo wa kanga, akakibandika na kukilainisha kwa kiganja mpaka kisibaki na kipovu hata kimoja. Mpishi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Hakutaka mtu mwingine aguse bakuli lile. Alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka dirishani.

"Karibu, mzee wangu. Kula usiwe na wasiwasi. Humu hamna hata chembe ya karanga, nakuapia kwa watoto wangu."

Mzee hakugusa kijiko. Aliitazama supu mpaka mvuke ukapungua, kisha akamgeukia binti aliyekuwa amesimama nyuma ya Mpishi.

"Imechukua muda gani?"

"Dakika kumi na mbili, baba."

Mzee akalisukuma bakuli taratibu, likasimama mbele ya Mpishi.

"Siku ile kaka yake huyu binti alikuwa bado anaongea na mimi kwenye simu," akasema. "Nilimsikia akikwambia hana haraka, atasubiri hata saa nzima apikiwe yake."