Moto wa Nyumba ya Mbao

Walikwenda msituni kupumzika, Sikudhani, mumewe Makungu na mama mkwe, wakapanga nyumba ya mbao kando ya mto. Mvua ikawafungia ndani. Sikudhani alihangaika na kuni mbichi mpaka macho yakamwiva kwa moshi. Moto ulipokubali kuwaka, mama mkwe akaumwagia ndoo ya maji.

"Mimi sili chakula cha mgumba."

Sikudhani akamgeukia mumewe. "Makungu, umesikia?"

"Mama amechoka na safari. Washa tena, mke wangu."

Sikudhani alichukua ufunguo wa gari, akatoka bila kuaga. Alipotia moto injini, Makungu alikuja mbio akashika mlango, na mama yake akamshika shati kwa nyuma.

Gari likaanza kusogea polepole kwenye matope.