Mlango wa Sista Namsifu

Sista amwogope wapi yule mkaguzi, mjukuu wangu, hakumwamini tu. Sista Namsifu alikuwa na kliniki ya kutoa mimba, moja tu mji mzima, na leseni yake ilikuwa inaisha jioni ile. Ndipo Bwana Mshamu, mkaguzi wa serikali, akaja kupima mlango.

"Sheria mpya inataka machela ipite, Sista. Huu mwembamba."

"Mbona wewe na tumbo lako umepita, kaka?"

Moyoni Sista akasema, huyu katumwa anifungie. Akachukua mtaimbo, akang'oa mlango na fremu yake, vumbi likamjaa mkaguzi ndevuni. Machela ikapita.

"Haya, saini leseni yangu."

"Tule kwanza," akasema Mshamu, maana ugali ulishaletwa, na mgeni hafukuzwi chakulani.

Wakanawa, lakini Mshamu hakugusa tonge mpaka alipoona Sista amemeza lake. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakakaribishwa nao. Basi wote wakakaa kula, na wale wawili wakaligeuzia mgongo lile pengo la mlango, wakajivuta khanga usoni, maana wapita njia walishaanza kupunguza mwendo na kuchungulia ndani.