Ngazi kwenye Nyumba ya Nne

Nyumba za kijiji chetu cha ujamaa, huku Ngara, zilipangwa mstari mmoja, zote za nyasi. Moto ulikuwa umeshika ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Restituta.

"Mama, tuezue paa lako, moto ukose pa kushika," alisema balozi wa nyumba kumi. "La sivyo zinakwisha zote."

Paa hilo mume wake aliliezeka wiki moja kabla ya kwenda vitani.

"Leteni ngazi," alisema Restituta.

"Apande kijana."

"Kijana gani? Wote wako vitani. Nyie wazee shikeni ngazi."

Alipanda na panga. Kila fundo la kamba ya mgomba lilikuwa limefungwa mara mbili, kama mume wake alivyofunga kila kitu.

Alifanya ishara ya msalaba, akakata la kwanza.