Nyanya za Wenye Kuponi

Bi Mashavu alipotoa kuponi yake ya msaada wa chakula, Hatibu muuza nyanya aliinama chini ya meza akaibuka na fungu la nyanya zilizopondeka.

"Za kuponi ndizo hizi, mama."

"Na hizo za juu?"

"Hizo za wenye pesa."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, nao wamezifumbata kuponi zao viganjani, wakaangalia chini. Uso ulimwaka Bi Mashavu. Siku zote alichukua alichopewa akaenda zake kimya. Leo alikiweka kikapu chake katikati ya meza, akaanza kuchagua nyanya nyekundu, ngumu, akizibonyeza kwa kidole gumba kama mnunuzi yeyote.

"Mama, si nimekwambia?"

"Nimekusikia, mwanangu. Kuponi hii halmashauri wanakulipa bei kamili, hawakulipi nusu. Haya, pima."

Hatibu alitazama huku na huku. Nyuma, mwanamume mmoja aliinua kuponi yake juu watu wote waione, akasogea mezani. Mwanamke mwingine akamfuata. Hatibu alibaki amesimama, jiwe la mizani mkononi.