Farasi Watatu wa Mzee Siaka

"Nionyeshe walio hovyo kabisa," Mzee Siaka alisema, akalisukuma gazeti la mbio mbele ya Lassina. "Wazuri sina haja nao."

Lassina alimtazama juu ya miwani. Alikuwa karani mstaafu wa reli, hajapata kumgusa farasi maishani mwake, lakini wale wa Paris aliwajua mpaka majina ya mama zao. Ilikuwa Jumapili ya Mbio Kuu za huko, na kibanda cha tikiti pale mtaani, Bobo-Dioulasso, kilifurika watu hadi kwenye vumbi la barabarani. Wote walikuwa wakibishana juu ya namba nne na namba kumi na moja, farasi wa uhakika.

"Koro anaendeleaje?" Lassina aliuliza.

"Ameingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto amekaa vibaya."

Ubishi ukapoa. Alimata, muuza tikiti, akaacha kuhesabu chenji.

"Hospitali wanadai pesa, baba?"

"Mkwe amelipa. Dawa, damu, kila kitu."

"Sasa huku unatafuta nini?"

"Nipe penseli, mwanangu."

Hapo midomo ikafunguka. "Binti yuko chini ya kisu, baba yuko kwa farasi!" mmoja akapayuka kutoka nyuma. "Huu si mchezo tena, ni ugonjwa!" Mwingine akatema mate chini. Siaka aliinamisha kichwa. Mtu mzima akitukanwa mbele ya vijana huumia, lakini yeye alikuwa na uchungu mkubwa kuliko huo. Koro ndiye mtoto pekee aliyebaki naye duniani.

"Mwacheni," Lassina alisema. "Huenda mkono umemwasha."

Mkono wa Siaka ulikuwa na historia yake. Siku Koro alipozaliwa alipoteza kila alichocheza, hata baiskeli, na bado akawakopea watu wote kahawa ya maziwa huku akicheka. Miaka mingi baadaye akawapata watatu wa kwanza kwa mpangilio wao, mamilioni ya faranga yakaingia, nyumba ikaezekwa bati. Siku ileile mkewe alianguka sokoni, asiinuke tena. Waliokuja matangani walimliwaza kwamba Mungu hakupi kilema akakunyima mwendo. Siaka alikuwa akihesabu bei ya bati lile, na tangu hapo akawa anacheza visarafu tu.

Leo alitoa bahasha nene akaiweka mezani.

"Umeuza mbuzi?" Alimata aliuliza.

"Wote. Na pikipiki."

Lassina akatikisa kichwa, akapitisha kidole gazetini. "Kumi na sita huyu ni mzee, goti bovu. Tisa hajaingia hata watano bora tangu mvua za mwaka juzi. Na namba mbili akisikia kelele anagwaya. Lakini sikiliza, ndugu yangu, kama unataka mamilioni ya ghafla, basi changanya hata na mmoja mwenye uhai."

"Hawa hawawezi kushinda?"

"Labda wengine wote waanguke."

"Niapie."

"Wallahi! Pesa hii unaitupa jalalani."

Siaka akashusha pumzi, ya kwanza ya maana tangu asubuhi. "Mungu akubariki, Lassina," alisema, akaandika kumi na sita, tisa, mbili. Tikiti akaikunja, akaichomeka ndani ya kofia.

Televisheni ikapandishwa sauti. Katika mbio hizi farasi huvuta kigari, na haruhusiwi kupiga shoti, yaani kukimbia kwa kuruka. Akiruka tu, ametolewa. Walipofika kona ya mwisho, namba nne alikuwa mbele na kumi na moja yuko begani kwake. Wale watatu wa Siaka walikuwa wakijikokota mkiani, kila mtu akiwacheka. Siaka mwenyewe alikuwa amefumba macho, akinong'ona jina la bintiye.

Mara namba nne akashtuka, akapiga shoti. Kumi na moja naye akaruka. Kigari chake kikapinduka katikati ya njia, waliofuata wakarundikana juu yake, magurudumu juu. Wale wa mkiani, kwa kuwa walikuwa mbali mno kuweza kunaswa, wakapita pembeni taratibu kama watu wanaokwenda msikitini: kumi na sita, tisa, mbili.

Kibanda kililipuka. Waliomtukana ndio waliokuwa wa kwanza kumbeba juujuu. "Tajiri! Baba yetu tajiri!" Siaka alipiga mateke, akalia kwa sauti, "Hapana! Nishusheni! Hapana!" Nao wakadhani ni furaha.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwake. Alikuwa Fanta, shemeji yake, aliyekuwa akingoja mlangoni kwa chumba cha upasuaji.

Siaka hakuipokea. Alijinasua mikononi mwa watu, akaitoa tikiti kwenye kofia, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna.

"Siaka! Umepagawa?" Lassina alimrukia, akamshika taya kwa mikono miwili. "Mamilioni hayo! Tema!"

Alitafuna huku machozi yakimchuruzika ndevuni. Karatasi ilimkwama, akakohoa, akameza tena, na simu ilikuwa bado inaita. Kisha akamgeukia Alimata, akaachama.

"Tazama. Kuna kitu?"

"Hakuna, baba," Alimata alisema, naye analia. "Hakuna kitu."

Ndipo Siaka akaipeleka simu sikioni.

"Fanta," alisema. "Nimepoteza. Nimepoteza kila kitu, watu wote hapa ni mashahidi. Haya, sasa niambie."